Tukicheka Pamoja, Je, Tumekuwa Marafiki?

Somo la Jumuiya: Vichekesho vya runinga na urafiki wa makabila



Somo la mwezi huu limetoka kwenu wenyewe. Katika semina moja ya vijana tulikuwa tukizungumza juu ya ukabila, na kijana mmoja akasimama akasema: "Sisi hatuna ukabila. Tunatazama vichekesho pamoja, tunamcheka Mjaluo, tunamcheka Mkikuyu, tunajicheka sisi Wakamba, na hakuna anayekasirika." Wenzake wakampigia makofi. Ndipo msichana mmoja aliyeketi nyuma, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka magharibi mwa Kenya, akauliza kwa sauti ndogo: "Mbona basi tangu tuje hapa hakuna aliyewahi kunialika kwao?"

Ukumbi wote ulinyamaza. Na sisi tuliokuwa tukifundisha tulinyamaza pia, maana hatukuwa na jibu. Somo hili ni jaribio letu la kumjibu.

LENGO LA SOMO

Tunataka kupima kama urafiki wa makabila unaoonyeshwa katika vichekesho vya runinga unafanana na ule tunaouishi, na kuona tufanye nini pale unapopungua. Tutafuata njia tuliyoizoea katika vitabu vya Kampeni ya Kwaresma: Ona, Amua, Tenda.

ONA: TUNAONYESHWA NINI?

Tuanze na Vitimbi, kwa sababu wazee na vijana wa zamani wote wanaikumbuka. Wengi wetu hatukuwa na runinga nyumbani. Tulienda kwa jirani mwenye runinga ya betri ya gari, watoto wakaketi sakafuni, na Mzee Ojwang' akaanza kuhangaishwa na Mama Kayai. Kwa lafudhi yao na majina yao, sote tulijua hao ni Wajaluo, mume na mke.

Kumbe sivyo. Mzee Ojwang' alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Mama Kayai ni Mary Khavere, Mluhya. Wala hawakuwa mume na mke. Mzee Ojwang' alipofariki Julai 2015, Wakenya wengi ndipo walipojua kwamba mtu waliyemchukua miaka yote kuwa Mjaluo halisi alikuwa Wanjau.

Jambo hili linafaa kufikiriwa. Mkikuyu na Mluhya walifanya kazi pamoja miaka mingi, wakijifunza namna ya kuongea ya kabila la tatu, mpaka nchi nzima ikawaamini. Ukweli wa urafiki wa makabila ulikuwa pale, lakini ulikuwa nyuma ya kamera. Sisi mbele ya kioo tulipewa lafudhi tu, tukacheka.

Tuje kwa Vioja Mahakamani. Humo utakuta makabila mengi katika chumba kimoja. Lakini angalia vizuri. Hakimu na kiongozi wa mashtaka huongea Kiswahili kilichonyooka. Anayeburuta maneno kwa lafudhi ya kwao mara nyingi ni mshtakiwa au shahidi. Mtoto anayetazama wiki baada ya wiki anajifunza bila kufundishwa kwamba lafudhi ni ya mtu aliye mashakani, na mwenye mamlaka hana kwao.

Halafu kuna Papa Shirandula, iliyoanza mwaka 2007 katika runinga ya Citizen. Marehemu Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, aliigiza mlinzi wa lango anayemficha mke wake, Wilbroda, kazi anayofanya. Waliomzunguka walikuwa wa makabila mbalimbali. Kazungu Matano, mtu wa Pwani, aliigiza Otoyo kwa lafudhi ya Kijaluo. Hapa tena, aliye Mjaluo kwenye kioo si Mjaluo nyumbani.

YALIYO YA KWELI

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Vichekesho hivi vina ukweli wake. Nenda Mlolongo, Syokimau au Athi River, katika kaunti yetu hii, uone nani analinda lango, nani anauza mboga, nani anapanga chumba kando ya nani. Makabila yamechanganyika kazini na katika ploti kama tu Papa Shirandula alivyoonyesha. Wanataniana, wanakopeshana sukari, wanapigana na kupatana. Hilo si uongo.

Tena, kila mara wanasiasa wetu walipotugawanya wakati wa kura, vichekesho viliendelea kuingia nyumbani mwetu vikisema kwamba watu hawa wanaweza kuketi chumba kimoja. Hilo ni jambo la kushukuriwa.

YANAYOACHWA NJE

Lakini ukitazama kwa makini utaona mambo manne yanayokosekana.

Kwanza, kila kabila limepewa tabia moja. Sisi Wakamba tunajua uchungu wa jambo hili. Katika mizaha Mkamba ni mpishi wa tajiri, au soja, au ni mtu wa uchawi. Ni mara ngapi umemwona Mkamba wa kuigizwa ambaye ni mwalimu mkali, au mama anayeteremsha matuta ya kuzuia mmomonyoko shambani, jambo ambalo Machakos inasifika kwalo hata ng'ambo? Daniel Ndambuki, yaani Churchill, alijulikana redioni kama Mwalimu King'ang'i mwenye lafudhi nzito ya Kikamba, na tulimpenda. Lakini yeye alijicheka mwenyewe na watu wake. Kujicheka ni jambo moja, na kuchekwa na mtu asiyejua hata salamu yako ni jambo lingine.

Pili, urafiki wa runinga haufiki nyumbani kwa mtu. Unaishia langoni, hotelini au kazini. Ni nadra kumwona rafiki akipanda basi kwenda kijijini kwa mwenzake, akila chakula asichokizoea, akilala huko.

Tatu, urafiki huo haujaribiwi. Mambo yanayotugawanya Kenya tunayajua: kura, shamba, kazi, na ndoa ya mtoto wako na mtoto wa kabila lingine. Katika kichekesho ugomvi ni wa shilingi mia, na kwa nusu saa umekwisha.

Nne, kuna ambao hawaonekani kabisa. Maduka ya Wahindi yamekuwa katika mji wetu wa Machakos tangu enzi za ukoloni. Julai 2017 serikali ilitangaza kwamba Wakenya wenye asili ya Kihindi ni kabila la 44 la Kenya. Lakini Mhindi wa kuigizwa kwa kawaida ni mwenye duka anayevunja Kiswahili na kuhesabu pesa. Urafiki wa Mwafrika na Mhindi, wa kukaribishana nyumbani, hatuuoni kwenye kioo, na tukisema kweli, hata barabarani hatuuoni sana.

NA WENZETU WA NG'AMBO?

Jambo hili si la Kenya pekee. Wengi mnakumbuka Mind Your Language, kichekesho cha Waingereza kilichoonyeshwa hapa kwetu sana. Watu wa mataifa mengi wanasoma Kiingereza katika darasa moja mjini London: Mhindi, Mpakistani, Mchina, Mjapani, Mfaransa na wengine. Tulicheka mpaka machozi. Lakini huko Uingereza kwenyewe kilisimamishwa na kituo chake mwaka 1979, kwa sababu mkubwa wa vipindi aliona kinawadhihaki watu kwa rangi na asili yao.

Marekani nako kulikuwa na Friends, iliyoonyeshwa kuanzia 1994 hadi 2004. Marafiki sita mjini New York, mji wenye watu wa kila rangi, na wote sita ni Wazungu. Mwaka 2022 mmoja wa waliokianzisha, Marta Kauffman, alikiri hadharani kwamba anaona aibu kwa jambo hilo, akaahidi dola milioni 4 kwa chuo kikuu cha Brandeis kwa ajili ya masomo ya Waafrika na Wamarekani weusi.

Lakini sikiliza jambo la kushangaza. Uchunguzi wa shirika la PRRI mwaka 2013 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya Wamarekani weupe hawakuwa na mtu hata mmoja wa rangi nyingine kati ya wale waliozungumza nao mambo muhimu ya maisha yao. Maana yake ni nini? Ni kwamba kichekesho cha marafiki weupe watupu kililaumiwa, na kumbe kilifanana na maisha ya wengi. Na vile vilivyoonyesha rangi zote zikicheka kwenye kochi moja vilionyesha tumaini, si hali ilivyo.

Kwa hiyo tukiuliza "je, ni kweli?", tuulize pia "je, ni kweli kwangu?" Hesabu watu watano ambao ungewapigia simu usiku ukiwa na shida. Ni wa makabila mangapi?

YALIYOTOKEA KATIKA PLOTI MOJA

Tuwasimulie jambo tulilolishuhudia katika kazi yetu. Majina tunayaacha.

Katika ploti moja ya Athi River walipanga wanawake wanne: Mkamba, Mluhya, Mkisii na Mkikuyu. Walikuwa na chama cha mzunguko. Ni Mkamba peke yake aliyekuwa na runinga, basi kila jioni ya vichekesho watatu wale na watoto wao walijaa chumbani mwake. Walicheka pamoja mwaka mzima wa 2007.

Kura zikapigwa Desemba. Mnajua yaliyofuata: zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Katika ploti ile hakuna aliyempiga mwenzake. Ila Januari ilipoanza, mwenye runinga alifunga mlango. Jioni ya vichekesho walisikia sauti ikitoka ndani, na hakuna aliyebisha hodi. Chama kikafa bila mtu kusema kimekufa.

Baadaye mama yule alituambia: "Sikuwachukia. Niliogopa watu wangesema nawaficha." Wale wengine nao walisema hawakumchukia. Waliogopa kubisha wasifunguliwe.

Sisi tuliitwa, tukaenda na hotuba zetu za umoja. Tulikosea. Walikuja watu wachache, wakatusikiliza kwa adabu, wakarudi vyumbani mwao. Kilichofungua mlango kilikuwa mtoto. Usiku mmoja wa Februari mtoto wa Mluhya alishikwa na homa kali, analia, na magari yalikuwa ya shida. Yule Mkamba akatoka na mumewe, wakambeba mtoto hadi hospitali. Tulipomwuliza kwa nini, alijibu: "Nilijua sauti ya mtoto yule. Amelala kwangu mara ngapi!"

Tazama vizuri jibu hilo. Zile jioni za kucheka hazikuwa bure. Zilimfanya aijue sauti ya mtoto. Lakini hazikutosha kuufungua mlango. Ilihitajika shida, na mtu wa kuamka. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Tangu hapo walianza upya, na safari hii hawakuanza na runinga. Walianza na maji, maana pale maji yalinunuliwa kwa mtungi na bei ilipanda kila wiki. Wakachanga wakanunua tangi. Ufunguo ulizunguka kwa zamu, na uenyekiti vilevile, asije kabila moja likashika yote. Miaka kadhaa baadaye baba ya yule Mluhya alipofariki, wenzake watatu walipanda basi kwenda Kakamega kumzika. Walirudi wakijua kusema "mulembe". Na kura ya 2013 ilipokuja, na ile ya 2017, milango haikufungwa.

AMUA: TUPIME KWA MWANGA WA IMANI

Someni Yohane 1:45-51. Filipo anamwambia Nathanaeli kwamba wamempata Yule aliyeandikwa na manabii, naye anatoka Nazareti. Nathanaeli anajibu kwa mzaha: huko Nazareti kunaweza kutoka kitu chochote kizuri? Na Nathanaeli huyu ni mtu wa Kana, kijiji cha Galilaya hiyohiyo. Ni kama mtu wa Kangundo akiulizia mtu wa Yatta. Mzaha wa namna hii tunaujua wote.

Filipo hakukasirika wala hakutoa hotuba. Alimwalika tu aje ajionee. Na Yesu hakumrudishia Nathanaeli mzaha juu ya Kana. Alimsifu kwamba ni mtu asiye na hila. Dawa ya mzaha juu ya watu usiowajua ni safari ya kwenda kuwaona.

Je, basi ni dhambi kutaniana? La. Wenzetu wa Tanzania wana utani wa makabila. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na baadaye wakawa watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu usikasirike. Lakini utani una deni. Ukifiwa, mtani wako lazima afike, achekeshe waombolezaji, na pia afanye kazi za msiba. Yeye ana haki ya kukucheka kwa sababu atakuzika. Kichekesho cha runinga kimechukua ile haki ya kucheka na kuliacha deni. Hapo ndipo mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Tunaye pia mfano wa kwetu. Ndingi Mwana a'Nzeki alizaliwa Mwala mwaka 1931, akawa askofu wa kwanza wa jimbo letu la Machakos mwaka 1969, halafu akahamishiwa Nakuru. Vita vya kikabila vilipozuka Bonde la Ufa mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mkamba huyu alisimama akawasemea waliochomewa nyumba, watu ambao wengi wao hawakuwa wa kabila lake. Alifariki mwaka 2020. Hatukumbuki kwamba alijulikana kwa mizaha. Tunakumbuka kwamba alifika.

TENDA: TUFANYE NINI?

Mwaka 1954 mtaalamu wa Marekani, Gordon Allport, aliandika kwamba watu wa makundi mawili kukutana tu hakuondoi chuki. Kukutana kunasaidia zaidi panapokuwa na mambo manne. Tumeyaweka kama maswali mnayoweza kuuliza mkitazama kichekesho chochote, na pia mkitazama chama au jumuiya yenu:

1. Je, wako sawa, au kabila moja huamuru na lingine hufagia?
2. Je, wana lengo moja wanalolitaka wote?
3. Je, wanalifanyia kazi pamoja, au kila mtu na lake?
4. Je, wakubwa wao (chifu, padre, mwenye ploti, tajiri wa kazi) wanaunga mkono jambo hilo?

Wale wanawake wa Athi River walipokuwa na runinga tu, hawakuwa sawa, maana mmoja alikuwa mwenye chumba na wengine wageni. Walipokuwa na tangi, walikuwa sawa. Hiyo ndiyo tofauti.

Je, runinga na redio haziwezi kusaidia? Zinaweza. Huko Rwanda, mwaka 2004, ulianza mchezo wa redio uitwao Musekeweya, juu ya vijiji viwili vinavyogombana. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia wasikilizaji kwa mwaka mmoja. Aliona kwamba mchezo haukubadilisha sana imani za mtu moyoni. Ulichobadilisha ni kile watu walichoona kuwa ni kawaida: kuoana, kuaminiana, kusema wazi usipokubali. Hata katika kugawana betri za redio waliyopewa, waliousikiliza mchezo ule walikaa wakaamua pamoja, badala ya kumwachia mkubwa mmoja.

Kwa hiyo yanayoonyeshwa yana uzito. Mtoto akiona mgeni anaalikwa nyumbani, ataona ni kawaida. Akiona mgeni anachekwa tu langoni, hiyo nayo ataona ni kawaida.

Tunapendekeza kila jumuiya ichague mambo mawili kati ya haya:

- Mkitazama kichekesho na watoto, mwulize mtoto mmoja: "Huyu anayechekwa, unafikiri kwao kukoje?" Swali moja linatosha, msigeuze jioni kuwa darasa.
- Jifunzeni salamu ya kila kabila lililomo katika jumuiya yenu, na mtumie salamu hiyo kwa heshima, si kwa kuiga lafudhi.
- Familia moja ialike familia ya kabila lingine nyumbani kabla ya mwaka kuisha. Chakula cha kawaida kinatosha.
- Jumuiya ikipata msiba wa mwanachama aliyetoka mbali, achaguliwe angalau mtu mmoja wa kufika mpaka kwao, na nauli ichangwe na wote.
- Vijana watunge kichekesho chao ambamo kila mhusika ana shida na pia ana akili, waigize siku ya parokia.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Ni mzaha gani juu ya kabila letu unaotuudhi? Ni upi tunaousema sisi juu ya wengine?
2. Mwenzetu wa kabila lingine alipofiwa mara ya mwisho, tulifanya nini?
3. Mama aliyefunga mlango alisema aliogopa maneno ya watu. Hao "watu" ni akina nani katika kijiji chetu?
4. Wakati wa kura ukija tena, tutakubaliana nini mapema ili mlango wowote usifungwe?

Tuliporudi kwa wale vijana, tuliwapa maswali haya. Yule kijana aliyesema hatuna ukabila alikaa kimya kidogo, halafu akamgeukia yule msichana akamwuliza: "Jumapili baada ya Misa mtakuwa wapi? Mama amesema mje." Baadaye tuligundua kwamba mama yake hakuwa amesema lolote. Alikwenda kumwambia jioni ile. Mama akachinja kuku.

Tunawatakia majadiliano mema. Andikeni majibu ya jumuiya yenu mmpe katekista, nasi tutayachapa katika toleo lijalo.